Nyonga ya Kushoto ya Dada

Mgonjwa hajaketi bado, Seremala alikuwa ameshajua. Meza yake ya kliniki aliiweka makusudi mbali na mlango, ili kila anayeingia alazimike kutembea, na katika hatua hizo chache alisoma alichokihitaji: bega linaloinama upande mmoja, goti lisilonyooka, mkono unaopapasa ukuta bila mwenyewe kujua. Wengi walidhani ni daktari asiye na adabu, hana hata salamu. Kumbe salamu angetoa baadaye. Kwanza alikuwa anaangalia miguu.

"Hiyo fimbo nani kakwambia uishike upande huo?"

"Si ndiko kunakouma, daktari?"

"Ndiyo maana. Ihamishie mkono wa pili. Mguu mbovu ukienda mbele, fimbo iende nao, lakini kutoka upande mzima. Haya, rudi mlangoni uingie upya."

Mgonjwa alirudi, akaingia upya, na mara nyingi alisimama katikati ya chumba ameduwaa, kama mtu aliyeambiwa kwamba siku zote amekuwa akivaa shati kinyume.

Jina la Seremala alipewa na wanafunzi wake. Anayesimama kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kubadilishia nyonga hujiona ameingia karakana ya samani: msumeno, nyundo, patasi, tupa, na mtu mzima aliyejifunga aproni ya plastiki anagonga hadi jasho linamtoka. Mwenyewe hakulikataa jina hilo. Alisema tofauti ni moja tu, kwamba mbao hazikuulizi chochote kesho yake.

Alipofika miaka ya mwisho ya kazi alikuwa ameweka nyonga na magoti ya bandia kwa watu wengi kuliko daktari mwingine yeyote katika hospitali hiyo kubwa ya serikali. Lakini wale aliowarudisha nyumbani bila kuwagusa kwa kisu walikuwa wengi zaidi. Walikuja wakitaka goti jipya kama mtu anayetaka gurudumu jipya. Aliwaonyesha eksirei. Hapa kwenye ncha za mifupa, aliwaambia, kuna gegedu, utando laini unaofanya mfupa uteleze juu ya mwenzake. Wako umelika, na ukishalika hauoti tena. Halafu, kabla mgonjwa hajaanza kulia, aliendelea: lakini goti lako bado lina kazi ndani yake. Punguza uzito. Imarisha nyama za paja, kwa sababu paja likilegea goti linabeba mzigo usio wake. Tembea hata kama linalalamika. Siku likikunyima usingizi, njoo tuzungumze.

Hakuwa na maneno matamu, ila hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu kiungo chake. Hilo alijivunia kuliko cheti chochote ukutani.

Aliyemfanya awe daktari hakuwa na cheti chochote. Wazazi wao walifariki kwa kufuatana, yeye akiwa bado anajifunza kujumlisha na kutoa, na dada yake akiwa msichana aliyeanza tu kuvaa viatu vya kisigino. Dada akavua viatu hivyo, akaingia dobi ya hoteli moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kutoa mashuka kwenye mashine yakiwa yamelowa, kuyabeba hadi kwenye meza ya kukunjia, na kurudi tena. Sakafu ilikuwa ya saruji, na maji hayakukauka humo. Wanaume walipomposa aliwaambia wasubiri. "Kuna mtu mmoja nyumbani namalizia kumkuza," alisema. "Nikimaliza nitakuja peke yangu, bila mzigo." Mmoja alisubiri. Walizaa mtoto mmoja, binti, kisha mume akafariki, na dada akabaki katika nyumba ileile waliyopanga tangu harusi: vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

Ghorofa hiyo ilikuwa fahari yake. Madirisha yalitazama paa za mtaa mzima, upepo ulipita, na hakuna jirani aliyeweza kuchungulia chungu chake. Ngazi zilikuwa nyembamba, zenye kingo zilizolika, na taa ya katikati iliwaka ilipopenda. Alizipanda akiwa na ndoo, akiwa na mimba, akiwa na gunia la mkaa. Ndizo zilizomaliza nyonga zake, zikisaidiana na mashuka ya hoteli.

Ya kulia ilimwishia kwanza. Kuna kanuni ambayo madaktari huijua bila kuandikiwa: usimpasue ndugu yako. Seremala aliivunja kwa sababu hapakuwa na mwingine. Wakati huo ndiye peke yake aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo akijua kazi hiyo. Upasuaji ulikwenda kama maji mtelezoni. Dada alipanda ngazi zake akiwa ameshika ukuta, halafu akaacha kushika ukuta, halafu akaanza kuwagombeza vijana waliopanda polepole mbele yake.

"Naomba njia," aliwaambia. "Mimi mwenzenu nina chuma ndani, sina muda."

Miaka ikapita. Siku moja, Seremala akiwa kwa dada anakunywa chai, dada akainuka kwenda kuchukua sukari, naye akaona bega lake linashuka upande wa kushoto.

"Limeanza lini hilo?"

"Lipi?"

"Dada."

"Kushoto nako kumeanza kuongea," alisema akirudi na kopo. "Kulikuwa kunanong'ona mwaka jana. Sasa hivi kunapiga kelele, usiku hata kulala silali. Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe, maana nikisema utaniambia nipunguze uzito."

"Ungepunguza."

"Unaona?"

Alimpiga picha wiki hiyo hiyo. Mfupa ulikuwa umekaa juu ya mfupa. Hapo hapakuwa na cha kubembeleza kwa mazoezi. Nyonga ilikuwa imekwisha, na ilitakiwa ibadilishwe.

Safari hii mwingine alikuwepo. Seremala alikuwa amemfundisha mwenyewe, daktari wa kike mwembamba, mkimya, ambaye wenzake walimwita Rula. Sababu ilikuwa hii. Anayebadilishiwa nyonga hulazwa ubavu na kufunikwa mashuka mwili mzima, isipokuwa pale panapopasuliwa. Daktari haioni miguu. Kabla hajafunga lazima ajue kama mguu mpya una urefu sawa na mwenzake, kwa kuwa ukizidi, mishipa na misuli inavutwa, na mgonjwa ataamka na shida nyingine. Seremala alipima kwa vidole. Aliyakamata magoti yote mawili juu ya shuka, akaweka vidole gumba chini ya vifuniko vya magoti, akavuta mguu kidogo kuona nyonga imekaza kiasi gani, akasema "sawa" au "bado". Hakuwa amekosea kwa miaka, na vizazi vya wanafunzi vilijaribu kumuiga vikashindwa. Rula hakujaribu. Yeye alichomeka pini kwenye mfupa wa nyonga kabla ya kukata chochote, akapima hadi kwenye alama aliyoichora pajani, na mwisho akapima tena kwa rula ya chuma.

"Mama Rula," Seremala alimtania, "siku rula yako ikianguka chini utamwacha mgonjwa wazi?"

"Zipo mbili, mwalimu," alijibu bila kucheka. "Ya pili inachemshwa."

Alijua kwamba mikono ya Rula ni mizuri. Alijua pia jambo ambalo hakumwambia mtu. Kiungo cha chini cha kidole gumba chake cha kulia, pale kidole kinapoungana na kiganja, kilikuwa kimelika. Miaka ya kugonga na kukamua ilikuwa imekila taratibu. Alijipiga eksirei jioni moja wafanyakazi walipokwenda nyumbani, akaitazama picha kwa utulivu uleule aliozoea, na kama angekuwa mgonjwa angejiambia: umelika, hauoti tena. Lakini daktari hakuwa na mtu wa kumwambia. Nyumbani alivaa bendeji ngumu. Kazini alimeza vidonge. Maumivu aliyamudu. Kilichomtisha ni kwamba kidole kilianza kuwa kizito, kama cha mtu aliyevaa glavu mbili, na kuna siku aligusa kitu asijue kama kimekaza au kimelegea.

Alikwenda kwa dada akiwa na nia ya kusema ukweli nusu.

"Safari hii atakufanyia Rula," alisema. "Ni mzuri. Nimemfundisha mimi."

"Huyo binti wa juzi?"

"Si wa juzi. Ana watoto wawili."

"Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na nilikulea wewe, wala hakuna aliyenipa kisu." Dada alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, hakuinua kichwa. "Sikiliza, mdogo wangu. Kulia ulinipasua wewe, nikapanda ngazi. Kushoto utanipasua wewe, nitapanda ngazi. Mimi sina ninachotaka kingine. Sitaki kwenda kukaa chini kwa mwanangu, kwenye kile chumba cha nyuma, naletewa uji kama mfungwa. Nikishindwa ngazi zangu nimekwisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi usinipe binti wa watu."

Hapo ndipo pa kusema kuhusu kidole. Nafasi ilikuwepo, pana, hata sinia la mchele lilikuwa limenyamaza. Seremala akakohoa. Akasema atapanga siku.

Rula alimfuata koridoni aliposikia.

"Mwalimu, mimi nipo. Ukitaka nishike mimi, wewe usimame pembeni, yeye hatajua. Atakuwa nyuma ya pazia."

"Nitajua mimi," alisema Seremala, akaona amesema jambo la heshima.

Asubuhi ya upasuaji daktari wa usingizi alimchoma dada sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini na kumwacha mtu macho. Wakamlaza ubavu wa kulia, nyonga ya kushoto ikiwa juu. Dada alizungumza nyuma ya pazia hadi dawa ya kutuliza ilipomchukua.

"Mnanisikia? Mkimaliza mnirudishie mfupa wangu, nikampikie mbwa wa jirani anayenisumbua."

"Dada, lala."

"Amri hizo ulijifunza wapi? Nilikuogesha mimi."

Chumba kizima kilicheka. Kazi ikaanza, na ilikwenda vizuri. Alikata kichwa cha mfupa, akachimba kikombe ambamo kichwa hicho huzunguka, akaweka kingine cha chuma na plastiki, akatia shina ndani ya mfupa wa paja. Kikabaki kichwa, kile kinachoingia ndani ya kikombe. Vichwa huja na shingo za urefu tofauti: fupi, ya kati, ndefu. Unajaribu ya kati kwanza. Akajaribu. Akauvuta mguu, akapeleka mikono juu ya shuka kutafuta magoti.

Kushoto alipata. Kulia kidole kilifika, kikagusa, na hakikuleta habari yoyote.

Akarudia. Akauvuta mguu tena. Aliona kama umelegea. Au kidole ndicho kilicholegea? Akawaza zile ngazi zenye kingo zilizolika, na dada akipinda kiuno kumpisha mtu, na nyonga iliyolegea ikichomoka kwenye kikombe chini ya taa isiyowaka. Kama kuna jambo ambalo halikutakiwa kutokea, ni hilo. Bora ikaze.

"Nipe ndefu."

Muuguzi akampa. Akaiweka, akauvuta mguu. Sasa ilikaza. Ilikaza hadi alilazimika kutumia nguvu kuirudisha ndani.

Rula, aliyesimama upande wa pili, alikuwa ameinama na rula yake.

"Mwalimu, imezidi."

"Kiasi gani?"

"Karibu upana wa vidole viwili."

"Pini yako imesogea."

Katika chumba hicho kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiweka ila wote waliifuata: msaidizi anasema mara moja, aliyeshika kisu anaamua, na mjadala unaishia hapo. Rula akasema mara ya pili.

"Pini haijasogea, mwalimu. Nimeishika."

Daktari wa usingizi, aliyekuwa na mazoea ya kuimba kwa pua, akaacha kuimba. Seremala alihisi macho yote juu ya mikono yake, mikono ile iliyokuwa ikizungumziwa hadi vyuo vya mbali.

"Ninamjua mgonjwa wangu," alisema. "Nyundo."

Akagonga kichwa cha shingo ndefu, sasa cha kudumu, na akafunga.

Mchana dada aliamka akitaka chai. Seremala alisimama miguuni pa kitanda. "Cheza vidole," alimwambia. Vidole vya mguu wa kulia vikacheza. Vya kushoto vikalala.

"Vyote, dada."

"Si nacheza? Nacheza vyote."

"Inua wayo, uje huku juu."

"Nimeinua," alisema dada, na wayo wa kushoto ulikuwa umeelekea chini kama kitambaa kilichoanikwa.

"Ganzi bado," alisema Seremala. "Sindano ya mgongo. Itaisha."

Rula alingoja wafike koridoni.

"Mwalimu, sindano ilikuwa moja. Kulia kumeshaamka."

"Dawa huzama upande mmoja. Unajua hilo."

"Huzama upande uliolaliwa. Alilalia kulia." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. "Kama ni dawa, kulia ndiko kungechelewa. Tumeuvuta mshipa wa fahamu. Turudi ndani leo hii, tuweke shingo fupi, tuulegeze. Bado mapema. Tafadhali."

Kila alichosema kilikuwa sahihi, na Seremala ndiye aliyemfundisha. Kama mgonjwa angekuwa wa daktari mwingine, angesema maneno hayohayo, tena kwa ukali. Lakini alisimama kwenye korido hiyo akajisikia akijibu kwa sauti ya mtu mwenye busara kwamba mwili wa mtu mzima hupokea dawa kivyake, kwamba kumfungua mwanamke wa umri huo mara mbili kwa siku moja ni hatari, kwamba watamwona asubuhi.

Asubuhi wayo ulikuwa vilevile. Akasema ni uvimbe, ukishuka utaachia. Akaagiza barafu. Jioni alikwenda peke yake, akakaa kitandani, akaushika wayo huo kwenye kiganja, akasema "inua", na dada akakunja uso kwa juhudi, na kiganjani hapakutokea kitu. Asubuhi iliyofuata alimpigia Rula simu kabla ya saa za kazi.

"Mfungue," alisema. "Mimi siingii."

Wakati wa upasuaji wa pili alikaa kwenye benchi la koridoni, lile wanaloketi ndugu wa wagonjwa. Katika miaka yake yote hospitalini hakuwahi kulikalia. Lilikuwa gumu, na ubao wa mgongo ulikuwa umelegea skrubu. Binti wa dada yake alikuja akamkuta hapo.

"Mjomba, si ungekuwa ndani?"

"Daktari mwenzangu yuko ndani."

"Si ulisema Mama anataka wewe?"

"Alitaka mimi."

Binti akakaa. Alikuwa mhasibu, mtu wa kuuliza swali la pili, lakini alipomtazama mjomba wake usoni aliacha.

Rula alitoka akiwa bado na kofia. Alimsalimia binti kwanza. Kisha akamwambia Seremala kwamba ameweka shingo fupi, miguu sasa ni sawa, nyonga imekaa vizuri na haichomoki. Imekaa vizuri hata kwa fupi. Mshipa aliuona, ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo yenye mashuka mabichi, na rangi yake haikuwa nzuri. Haukukatika.

"Tusubiri," alisema.

"Tusubiri," alirudia Seremala. Neno hilo alilijua. Alilitumia mwenyewe alipokuwa hana la kusema.

Mshipa wa fahamu ukiumia hukua polepole sana, na mara nyingi haukui kabisa. Dada alitoka hospitali akapelekwa kwa binti yake, kwenye chumba cha nyuma, kwa muda tu, walisema. Akapewa kifaa cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu ili wayo usiburuze. Alikiita mkwe, kwa kuwa alisema kinambana, hakina faida, na hawezi kukifukuza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja, kijana mchangamfu mwenye mpira mkubwa wa rangi. Alimnyoosha, akamkandamiza, akampongeza kwa mambo ambayo hayakustahili pongezi.

"Leo nimeona kidole kimetikisika, Bibi!"

"Umeona wewe. Mimi mwenye kidole sijaona."

Seremala alikwenda kila Jumamosi. Walikunywa chai. Baada ya chai alipiga goti sakafuni, akavua kiatu, akasema "inua", akasubiri, akamvalisha kiatu. Hawakuzungumza juu ya jambo hilo. Waliongelea bei za vitu, mvua, jirani wa ghorofa ya tatu anayemwagilia maua yake. Dada alikuwa bado analipia nyumba yake. Mapazia yalikuwa yanamsubiri, alisema, na godoro lilikuwa linaota ukungu.

Kabla ya mwaka kwisha alimlazimisha binti yake ampeleke. Alitaka kujaribu. Alipanda ngazi ya kwanza kwa mguu wa kulia, wa pili akauinua, na ncha ya kiatu ikanasa kwenye ukingo uliolika. Alijaribu kuupindua mguu kwa nje, akafika kwenye mzunguko wa kwanza wa ngazi, akanasa tena, akaanguka kwa magoti. Hakuvunjika. Wale vijana aliowagombeza zamani walimwinua wakambeba hadi kwenye gari, wakimpa pole, na kubebwa huko kulimuuma kuliko kuanguka.

Wiki hiyo Rula alimpima mshipa kwa mashine ya umeme. Sindano ziliingia kwenye nyama ya mguu, mstari kwenye kioo ukabaki umenyooka. Seremala aliangalia kioo hicho, akaenda ofisini kwa mkuu wa hospitali, akamwambia ameacha kupasua. Kliniki ataendelea hadi siku ya kustaafu. Mkuu alimsihi, akamwita hazina, akauliza sababu. Seremala alimwonyesha mkono, akaeleza kuhusu kidole. Ilichukua muda mfupi sana. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kusema, na jinsi mkuu alivyoitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia kwamba gari fulani limechakaa.

Jumamosi hiyo hakupiga goti sakafuni. Alikaa kwenye kiti.

"Leo huniambii niinue?" aliuliza dada.

"Hapana."

Dada akaweka kikombe chini. "Mashine imesema nini?"

"Imesema kile ninachokijua tangu zamani."

"Hautaamka?"

"Hautaamka, dada."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika kitambaa cha mkononi, akawa anakikunja, kona kwa kona, kwa ule ufundi wa dobi.

"Kisu kiliteleza?"

"Hakikuteleza. Niliuweka mguu mrefu. Kidole changu kimekufa, hakisikii. Rula aliniambia umezidi, nikabisha."

"Kidole kilikufa kabla hujanipasua, au baada?"

"Kabla."

"Na mimi nilikwambia usinipe binti wa watu." Akakunja tena. "Hapo tugawane. Mimi nilikulazimisha, wewe ukaogopa kunikatalia. Hilo naweza kulimeza. Lakini yule binti alikuja kuniangalia majuzi, akanieleza, kwa sababu nilimbana. Alisema siku ileile, mchana uleule, alitaka kunirudisha ndani. Alisema labda ungepona. Hakusema kwa hakika. Labda."

"Labda. Ndiyo."

"Na wewe ukakaa siku mbili. Unakuja, unanishika mguu, unaniambia ganzi. Mimi najikamua hapo kitandani kama mjinga. Ulikuwa unasubiri nini?"

Maneno ya kitabibu yalikuwepo, aliyajua yote, na yeyote asiyejua angeyakubali. Seremala aliangalia mlango wa chumba hicho cha nyuma, ndoo nyuma yake, dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

"Nilikuwa nasubiri isiwe mimi," alisema.

Dada alikilaza kitambaa juu ya paja, akakinyoosha kwa kiganja, akatoa funguo mbili kwenye mkoba wake, zimefungwa kwa uzi, akaziweka mezani karibu na kikombe cha ndugu yake.

"Mpelekee mwenye nyumba. Mwambie vitu atavichukua mwanangu mwisho wa mwezi. Kabati auze, haliwezi kuingia humu."

"Dada—"

"Kuhusu mguu nitakwenda kwa yule binti daktari, yeye ndiye anipime. Wewe ukitaka kuja, njoo kama ndugu. Usinishike mguu."

Alichukua rimoti, akawasha televisheni. Mtu alikuwa anasoma habari. Seremala alikaa hadi habari zikaisha na matangazo yakaanza, akitafuta la kusema, na kila alilolipata lilikuwa la daktari. Mwisho akasimama, akachukua funguo.

"Nimeondoka, dada."

"Haya," alisema, macho kwenye kioo. "Ukitoka vuta mlango. Mbu wanaingia."